Fundi Kushoto na Unyoya wa Kulia

Ndugu, jamaa, majirani na mafundi wenzake mliokaa hapa kwa utulivu tangu asubuhi, familia inawaomba masikio yenu kwa muda kidogo, ili isomwe mbele yenu historia ya mpendwa wetu, ambaye wengi mlimwita Fundi Kushoto, na ambaye kabla hajaondoka alitaja jambo moja akasema lisirukwe, hata kama litawakera baadhi yetu, hata kama litamwaibisha yeye mwenyewe, kwa hiyo tutakapofika hapo tutapunguza mwendo.

Marehemu alizaliwa alfajiri ya Ijumaa, tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili iliyoegemea ukuta wa nyuma wa kiwanda cha ngozi, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa baba aliyekuwa akigeuza ngozi kwenye mashimo ya maji ya magome, na mama aliyefua nguo za watu, na inasemekana mkunga aliziba pua kabla hajapiga hodi, maana harufu ya kiwanda ilikuwa imehamia humo ndani kama mwanafamilia wa tano. Kaka yake alikuwa amemtangulia kwa miaka mitatu, mtoto mkimya, ambaye ukimtuma dukani alijibu "nimesikia" na hapo hujui kama anakwenda au amesikia tu, hata mama yao akambandika jina hilo, Nimesikia, likamganda mpaka leo akiwa mzee wa mvi, na ndivyo tutakavyomtaja humu, kwa heshima yake yote.

Alianza shule ya msingi Januari 1959, kwenye madarasa ya mabati yaliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza Novemba 1965, na kwa kuwa tumekatazwa kumpamba kwa uongo, tutasema wazi kwamba hesabu zilimpiga chenga tangu mwanzo hadi mwisho. Akiwa darasa la nne alichukua kisu cha baba yake cha kukwangulia ngozi, akachonga unyoya wa kuku juu ya dawati, unyoya mzuri, wenye uti na nyuzi zake, na mwalimu alipoingia akauliza nani kaharibu mali ya shule, darasa zima likatazama chini, na Nimesikia, aliyekuwa amechelewa kuanza shule, kisha akarudia darasa kwa sababu ya surua na kuangukia dawati moja na mdogo wake, akasimama, hakusema ni yeye wala hakusema si yeye, alisema neno lake lile moja tu, akala viboko ambavyo havikuwa vyake. Marehemu alikuwa akiisimulia habari hii kila mara, akicheka mpaka anashika mbavu, na ni mwaka jana tu ndipo alipoisimulia bila kucheka.

Mwezi Februari 1966 ndugu hao wawili walipelekwa kujifunza kazi kwa mwanamke mtengeneza mikoba, maarufu kwa jina la Mama Mikoba, aliyekuwa na chumba kimoja chenye dirisha refu karibu na kituo cha treni, na huko ndiko walikokutana na kazi iliyowalisha maisha yao yote, yaani kuchonga manyoya juu ya ngozi ya ng'ombe kwa mkono, yakaonekana manyoya kweli, kiasi kwamba mtu anayapuliza kuona kama yatapeperuka. Mama Mikoba aliutazama unyoya wa kwanza wa marehemu, akavua miwani, akavaa tena, akamwambia, "Hili ni jani, mwanangu, tena jani la kuchemsha," akampeleka kwenye mkebe wa manyoya halisi akae nao wiki nzima bila kushika kisu, mpaka aone kwamba unyoya una upande mwembamba unaokata upepo na upande mpana unaouegemea, kwamba nyuzi zake hazilingani, kwamba mahali fulani lazima zimeachana, na usipouachia ule mwachano umechora jani. Aliwafundisha pia kwamba ngozi haikatwi ikiwa kavu, maana itachanika, wala ikiwa imelowa chapachapa, maana mkato utajifunga, bali huloweshwa kwa sifongo, ikafungwa kwenye nailoni, ikaachwa inywe maji taratibu, kisha fundi huibandika shavuni, na ikiwa na ubaridi kama shavu la mtoto aliyetoka kuoga, basi imefika. Neno lao lilikuwa hilo, imefika, na wenye desturi ya kupita pale dukani mtakumbuka mlivyomkuta mara nyingi amelalia kipande cha ngozi, mkadhani kasinzia.

Jumamosi ya tarehe 2 Juni 1979, Mama Mikoba akiwa ameshastaafu na kuwagawia vifaa vyake, ndugu hao walifungua karakana yao wenyewe kwenye kile chumba cha pembeni, kati ya kinyozi na duka la vioo, wakaweka meza mbili zinazotazamana chini ya dirisha, na wakagawana kazi kwa namna ambayo haikuandikwa popote wala haikuhitaji kuandikwa, marehemu akichora, kwa sababu mkono wake wa kalamu ulikuwa mwepesi, na kila penye manyoya mawili, yeye akichonga wa bawa la kushoto na Nimesikia wa bawa la kulia. Mchoro ulikuwa mmoja tu, kwenye karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga, ukiilaza hivi unapata unyoya wa kushoto, ukiigeuza unapata wa kulia, unaupitisha juu ya ngozi mbichi kwa ncha butu, alama inabaki, kisha mkataji anafuata alama ile kwa kisu chenye shina linalozunguka chini ya kidole, akigonga kingo zake kwa nyundo ya mbao ili nyuzi ziinuke, na mkato ukishaingia umeingia, hakuna kifutio cha ngozi.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1981, na mshonaji wa mapazia aliyekuwa akija karakana kununua uzi wa nta, na ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, alinunua uzi mwingi kuliko mapazia yote ya mtaa huu yangeweza kula, na katika ndoa hiyo walijaliwa watoto watatu, wa kwanza binti, ambaye ni muuguzi, wa pili kijana, ambaye ni dereva wa malori, wote wako hapa, na wa tatu, binti mdogo, aliyezaliwa Januari 1989 na kufariki tarehe 6 Mei mwaka huohuo, akiwa na miezi minne. Siku ile marehemu hakuweza kuvuka kizingiti cha mlango, na jeneza lile dogo lilibebwa na Nimesikia peke yake, kwa mikono miwili, kutoka nyumbani mpaka makaburini, bila kumwachia mtu, na tunalitaja hili kwa sababu marehemu alisema tukilisahau tutakuwa tumesimulia maisha ya mtu mwingine.

Sasa tumefika pale tulipoambiwa tusiruke, na kwa wale mliokuwepo mwaka 1998 tunaomba mtuvumilie, kwa sababu hadithi mnayoijua siyo.

Mwaka ule hoteli mpya iliyofunguliwa upande wa juu wa barabara kuu iliwaagiza mabango mawili ya ngozi, kila moja lenye urefu wa mtu mzima, ya kutundikwa kila upande wa mlango mkubwa, bawa la kushoto na bawa la kulia, na kazi hiyo iliwachukua ndugu hao karibu mwaka mzima, mpaka kinyozi wa jirani akawa anawauliza kama wanachonga ndege au wanamsubiri aatamie. Tarehe 22 Agosti mabango yalitundikwa, wageni wamekwisha kukaa, mwenye hoteli anakata utepe, nguo ikavutwa, na mpishi aliyekuwa amesimama nyuma na sinia lake akasema kwa sauti ya kusikika, "Jamani, huyu ndege mbona ana mabawa mawili ya kushoto?" Watu walicheka, wakacheka hata wale ambao hawakuwa wameelewa, na kweli, mabango yote mawili yalikuwa yamepinda upande mmoja, upande mwembamba huku na huku ukitazama mashariki.

Kwa kuwa kila mtu alijua kwamba unyoya wa kulia ni kazi ya Nimesikia, kila mtu alimgeukia Nimesikia, na yeye akamtazama mdogo wake, akasema mbele ya wote maneno mengi kuliko aliyokuwa amesema mwaka ule mzima, "Mimi nimekata ulichonichorea," na marehemu akajibu, "Nilichora sawasawa." Basi, yaliishia hapo, kwa maneno matatu na mengine mawili, na jioni ile Nimesikia alichukua nyundo yake ya mbao na kisu chake, akaacha kila kitu kingine mezani, akahama mji. Jina la ndege mwenye mabawa mawili ya kushoto lilimtangulia kila karakana aliyobisha hodi, hakuna fundi aliyempa ngozi, na mtu aliyekuwa na mkono ule aliishia kupaka gundi soli za viatu kiwandani kwa miaka yote iliyobaki mpaka kustaafu, huku wanawe wakiitwa shuleni majina ambayo hatutayarudia hapa.

Na huku nyuma, marehemu alineemeka. Oda zilimjia, mikanda, mikoba, vifuniko vya viti, majalada ya albamu, watu wakatoka mbali kumfuata, ila kila aliyeagiza manyoya mawili aliambiwa apeleke nusu ya kazi kwingine, kwa sababu, alisema, "wa kulia si wangu," na wateja wakalichukulia kama madaha ya fundi bingwa, wakampa jina la Fundi Kushoto, akalikubali, akaliandika mpaka juu ya mlango. Sisi wa nyumbani tulidhani anamkomoa kaka yake. Mke wake peke yake ndiye aliyeona kwamba mumewe kila akijaribu kuigeuza ile karatasi ya mchoro jasho linamtoka, anairudisha ilivyokuwa, anavaa koti na kutoka nje kutembea.

Januari 2018 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka, kwanza kidole, kisha kiganja, kisha mkono mzima, na baada ya vipimo vingi madaktari wakatueleza kwamba ni maradhi ya mishipa ya fahamu, yasiyopona, yanayoweza tu kupunguzwa makali, wakampa vidonge ambavyo vilimpa utulivu kidogo kila asubuhi, muda wa chai kupoa, halafu mkono unarudi kwenye ngoma yake. Mwaka uliofuata alifunga karakana, akauza meza moja, akabaki na ya kaka yake, na kuanzia hapo alikaa uani akiwatazama kuku kwa jicho ambalo kuku wenyewe walilikwepa.

Kisha mwezi Februari 2022, bila kumwambia mtu sababu, aliomba aletewe ngozi ya mgongo, ile nzito, akakata vipande viwili vinavyolingana, akameza vidonge vyake, akasubiri mkono utulie, akaichukua ile karatasi ya plastiki, akaigeuza, na akaanza kuchonga unyoya wa kulia, ule ambao hakuwahi kuuchonga maisha yake yote, kila asubuhi nyuzi chache, mkono ukianza tu kucheza anaweka kisu chini na kuapa kwa maneno ambayo mjukuu wake ameyahifadhi vizuri mno. Aliumaliza Novemba. Jioni ile alimwita mkewe, akamwonesha, akamwambia kwamba mwaka ule wa hoteli aliyepitisha mchoro kwenye mabango yote mawili ni yeye, kwamba alikuwa amechoka, simu ya mteja ililia akiwa katikati, akarudi mezani na kuilaza karatasi upande uleule bila kuigeuza, kwamba aliligundua hilo palepale hotelini kabla mpishi hajamaliza kusema, na kwamba alipofungua mdomo akiri, ulitoka uongo. Kipande cha pili, kile kitupu, hakukigusa, akasema ni cha Nimesikia, achonge wa kushoto, wabadilishane, na atakapokaa mezani ndipo atakapoambiwa ana kwa ana, siyo kwenye simu.

Mkewe alipiga simu siku hiyohiyo, akaeleza kwamba mdogo wake anaumwa, ana ngozi anamwekea, aje, na upande wa pili kukajibiwa, "Nimesikia," na simu ikakatwa.

Kwa sababu hiyo, kuanzia Novemba mpaka Aprili, isipokuwa siku chache za hospitali, mama huyu mliyemzunguka hapo mbele aliamka kila asubuhi akailowesha ngozi ile kwa sifongo, akaifunga kwenye nailoni, na ilipofika saa nne akaipeleka kitandani na kumbandikia mumewe shavuni, kwa kuwa mume hakutaka kaka yake afike akute ngozi kavu, alisema akisubirishwa ataondoka, na kila asubuhi marehemu alifumba macho, akapima, akasema ama "bado," ama "imefika," na ikishafika walikaa wote wawili wakisikiliza geti, mpaka mchana, mpaka ngozi inakauka. Ngozi haipendi kuloweshwa hivyo, vipande viliota ukungu kimoja baada ya kingine, na kila mara alituma kikatwe kingine. Tulimwambia aache, tulimwambia mtu huyu haji, na kuna waliomwambia kwa ukali, na leo tunaumia kwamba tulimwambia.

Machi mwaka huu alianza kubanwa na kifua, tarehe 3 Aprili akalazwa, tarehe 14 akaomba arudishwe nyumbani, na Jumanne, tarehe 18 Aprili 2023, asubuhi, mkewe alimwekea ngozi shavuni kama kawaida, marehemu akakaa nayo muda mrefu, kisha akasema, "Imefika, mpigie," na mkewe akatoka ukumbini kupiga simu, akajibiwa neno lilelile moja, na aliporudi chumbani mumewe alikuwa ameshaondoka, shavu likiwa bado na ubichi wa ngozi.

Wale ambao juzi Alhamisi mliuliza, tena kwa hasira, ni nani huyo asiye na adabu anayegonga nyundo kwenye nyumba ya msiba, mkataka mpaka kwenda kumtoa, jibu lenu ni hili. Mchana wa siku hiyo mzee mmoja alishuka kwenye basi na mfuko wa plastiki, akapita katikati yenu bila kusalimia, akaingia chumba cha nyuma, na mjane akamfuata, akamwambia habari yote ya mchoro, hakuacha kitu, akamwambia pia kwamba mwenzake alimsubiri. Mzee akaweka mkono mmoja juu ya meza yake ya zamani, shemeji yake akadhani atageuka aondoke, kisha akasema, "Nimesikia. Sifongo iko wapi?"

Ngozi ilikuwa mbichi. Mjane hakuweza kuacha, aliilowesha Jumatano, aliilowesha na Alhamisi, hata yeye mwenyewe hajui kwa ajili ya nani. Nimesikia aliibandika shavuni, akakaa nayo, mabega yakatikisika, na hatukumsogelea, kisha akatoa mfukoni nyundo na kisu alivyoondoka navyo mwaka ule, ncha ikiwa imenolewa, akaiomba ile karatasi. Safari hii mjane ndiye aliyeilaza, akaigeuza, akaisimamisha dirishani, akaipima na ule uliokwisha kuchongwa, akaigeuza tena, hadi mzee akamwambia, "Shemeji, sasa hata mimi sijui kushoto ni wapi," na ndiyo mara pekee tuliyosikia kicheko humo ndani tangu Jumanne. Alichonga juzi na jana. Kwa nini hakuja Novemba hakutueleza, na hatukumuuliza, na hatutajifanya hapa kwamba hilo halituumi, maana siku mbili tu zingetosha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miaka mitano bila kumdanganya, majirani waliotuletea viti, maji na mikono ya kupika, kinyozi aliyemnyoa bure mpaka wiki ya mwisho, mafundi wa ngozi wa mji huu waliosimamisha kazi leo, pamoja na yule mpishi wa hoteli, ambaye sasa ni babu na amekaa hapo kushoto, na ambaye hana kosa lolote, aliona alichokiona. Lakini zaidi ya wote, kwa agizo la marehemu na kwa niaba yake, tunamwomba radhi mbele yenu kaka yake, Nimesikia, aliyekata alichochorewa, na tunaomba kuanzia leo asiwepo hapa mtu wa kumwita fundi aliyekosea.

Mtakapopita kuaga mtaona vipande viwili vya ngozi, kimoja kila upande wa jeneza. Unyoya wa kulia una nyuzi zinazotetemeka, ni wa marehemu. Wa kushoto rangi yake haijakauka, msiuguse. Fundi, kaka yako amefika, kila bawa liko upande wake, sasa lala kwa amani.